Ukweli Uwe Wazi, Hukumu Iwe Ngumu: Namna ya Kujenga Utata wa Maadili katika Riwaya ya Upelelezi

Wasomaji wa riwaya za upelelezi kwa Kiswahili wamekwisha kumchoka mpelelezi asiyekosea na mhalifu aliyezaliwa mbaya. Wanataka mtu wa kubishaniwa. Mwandishi anayetaka kuwaridhisha mara nyingi hushika njia ya mkato: humpa mpelelezi wake chupa ya pombe, hawara na tabia ya kupiga watuhumiwa, kisha humpa jambazi mkuu mtoto mgonjwa anayehitaji fedha za matibabu. Kitabu kinapokwisha, msomaji bado anajua bila shaka yoyote ni nani wa kupongezwa na ni nani wa kulaaniwa, kwa sababu mlevi aliyetenda haki ametenda haki, na jambazi anayempenda mwanawe ni jambazi mwenye mtoto. Kasoro za tabia humfanya mhusika afanane zaidi na binadamu, jambo ambalo ni jema, lakini hazimtatizi msomaji katika hukumu yake. Utata wa maadili huanza pale ambapo mambo mawili, yote yakiwa ya haki, yanamdai mtu mmoja kwa wakati mmoja, naye hawezi kulitimiza hili bila kulivunja lile.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kujenga hali hiyo katika riwaya ya upelelezi. Nimeichagua aina hii kwa makusudi. Kati ya riwaya pendwa zote, ndiyo inayoonekana kuukataa utata kabisa, kwa kuwa imesimama juu ya swali lenye jibu moja tu: nani aliyetenda? Mwandishi akiweza kuujenga utata humu, ataweza kuujenga katika hadithi za mapenzi, za kutisha na za kijasusi pia.

Usiuguse ukweli wa tukio

Kanuni ya kwanza ndiyo inayovunjwa zaidi. Mwandishi anayesikia kwamba kitabu chake kinahitaji utata hudhani kwamba anatakiwa kuficha nani aliua, au kuacha mambo yakining'inia hadi ukurasa wa mwisho. Msomaji wa riwaya ya upelelezi ana mkataba na mwandishi: amevumilia dalili, watuhumiwa na njia za uongo kwa sababu ameahidiwa jibu. Asipolipata, hujiona amedhulumiwa, na mtu aliyedhulumiwa hana nafasi ya kutafakari maadili ya mtu yeyote. Kwa hiyo jibu swali la nani, lini, wapi na kwa njia gani kwa ukamilifu wote. Kinachopaswa kubaki kigumu ni swali linalofuata: sasa kwa kuwa tumejua, ilifaa tufanye nini?

Jambo hili si geni katika fasihi yetu, ingawa halikuitwa kwa jina hilo. Muhammed Said Abdulla alipomleta Bwana Msa kwa wasomaji katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960, alimchukua mpelelezi wa Kiingereza mwenye kiko na akili kali, akamweka katika jamii ya Unguja. Lakini ukihamisha mpelelezi katika jamii ya pwani, unamweka mahali ambapo kumsitiri mwenzio ni wajibu wa dini na wa ujirani pia. Kazi ya mpelelezi ni kufichua. Kazi ya muungwana ni kusitiri. Mtu anayefanya zote mbili ana mgogoro hata kabla maiti haijaonekana. Siri za nyumba, za ndoa na za nasaba, ambazo mpelelezi wa kigeni angezianika sebuleni mbele ya watu wote, hapa zinaweza kumvunjia heshima mtu asiyehusika hata kidogo na jinai inayochunguzwa. Mwandishi wa leo anayetafuta utata hana haja ya kuuagiza kutoka nje, aanzie hapo.

Kinyume chake ni Willy Gamba, jasusi wa Elvis Musiba, aliyeanza kusomwa miaka ya 1970 katika Kufa na Kupona. Gamba hana shaka, na hakupaswa kuwa nayo. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu mwaka 1963, na jasusi aliyepambana na maadui wa ukombozi alikuwa upande ambao msomaji wake mwenyewe alikuwepo. Uhakika wa maadili katika riwaya zile ulitoka katika historia yenyewe, si katika uvivu wa mwandishi, na nadhani wahakiki wanaoziita riwaya nyepesi kwa sababu hiyo hawazitendei haki. Tatizo humpata mwandishi wa leo anayeazima uhakika wa Gamba bila kuwa na mapambano yale yaliyoutia nguvu.

Tafuta kisa kabla ya kumtafuta mhusika

Utata haumo ndani ya moyo wa mhusika. Umo katika hali anayoingizwa. Ndiyo maana nashauri uchague kwanza kisa, na hasa wakati wa historia ambapo watu wema walijikuta pande tofauti, na ambapo milango ya kutorokea ilikuwa imefungwa. Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho, ili tuone jinsi kazi inavyokwenda.

Mwaka 1983 Tanzania ilikuwa katika uhaba mkubwa wa bidhaa. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekomba hazina, bei ya mafuta ilikuwa imepanda, mauzo ya mazao nje yalikuwa yameshuka, na watu walipanga foleni kutafuta sukari, sabuni, unga na mafuta ya taa. Serikali, chini ya msukumo wa Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilianzisha msako dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Wananchi wengi waliushangilia msako ule kwa dhati, kwa kuwa walikuwa wameona bidhaa zikifichwa na kuuzwa kwa bei ya kuruka. Wakati huohuo, sheria maalumu iliyotungwa mwaka ule iliwapeleka watuhumiwa mbele ya baraza maalumu bila dhamana na bila uwakilishi wa wakili, na mwaka uliofuata sheria hiyo ikabadilishwa na nyingine. Hapa pana haki mbili zinazosimama uso kwa uso: haki ya mtu aliyekosa sabuni ya kumwogeshea mtoto, na haki ya mshtakiwa ya kusikilizwa ipasavyo. Hakuna hata moja iliyo ya kubuni.

Angalia pia jinsi wakati huo unavyomsaidia mwandishi kwa upande wa msuko. Katika kisa cha siku nyingine, mpelelezi mwenye wasiwasi anaweza kumkamata mtuhumiwa na kujifariji kwamba wakili atamtetea, au kwamba atatoka kwa dhamana Jumatatu. Mwaka 1983 faraja hiyo haikuwepo. Uamuzi wa mpelelezi mlangoni mwa nyumba ulikuwa na uzito ambao sheria ya kawaida ingeugawa kwa watu wengine.

Sasa tuwaweke watu. Mahali ni Ngamiani, Tanga. Bi Zuhura ni mjane mwenye duka dogo. Inspekta Salehe alilelewa naye baada ya mama yake kufariki, ingawa hawana udugu wa damu, kwa hiyo wakubwa wake kazini hawajui lolote na wamempa hati ya kupekua nyumba ile. Mtoa taarifa ni Mzee Chande, mjumbe wa nyumba kumi. Tuandike mwanzo wa upekuzi:

«Shikamoo, mama.»

«Marahaba, baba. Mbona umekuja na wageni alfajiri yote hii, nami sina hata sukari ya kuwapikia chai?»

Salehe hakujibu. Kutoka chumba cha ndani, kupitia pazia la kanga, ilimfikia harufu nzito ya sabuni ya mche. Koplo aliyesimama nyuma yake naye alivuta pumzi kwa nguvu.

«Chumba kile analala nani, mama?»

«Unajua alikuwa analala nani. Umelala humo miaka tisa.»

Koplo alimtazama inspekta wake.

Katika mistari hii hakuna hata neno moja la kumhukumu mtu, lakini mambo matatu yamekwisha kutendeka. Bi Zuhura amesema uongo, na msomaji ameunusa uongo huo. Salehe hawezi tena kujifanya hakusikia harufu, kwa sababu si yeye peke yake aliyeisikia. Na deni lake kwa mwanamke huyu limetajwa mbele ya shahidi, kwa sentensi ambayo ni ya mapenzi na ni ya kumtisha pia. Msimulizi hakusema kwamba Salehe alikuwa katika njia panda. Maneno ya aina hiyo yakijitokeza katika rasimu yako, yafute, kisha uangalie kama tukio lenyewe linatosha kuibeba hali hiyo. Lisipotosha, liandike upya badala ya kulifafanua.

Mpe mshtaki hoja bora kuliko zote

Mtu anayeharibu utata mara nyingi ni mtoa taarifa. Waandishi humfanya mwenye wivu, mchongezi, au mwenye tamaa ya duka la jirani. Akishakuwa hivyo, msomaji anahamia upande wa mshtakiwa bila kufikiri, na kisa kimekwisha.

Mzee Chande apewe sababu ambayo wewe mwandishi ungeiheshimu kama ungekuwa kwake. Binti yake amejifungua. Alikwenda kwa Bi Zuhura kuomba kipande cha sabuni kwa bei yoyote, akaambiwa hakuna. Akarudi nyumbani akafua nepi kwa majani ya mpapai, kama walivyofanya wengi katika miaka ile. Siku iliyofuata Mzee Chande akamwona mtu aliyekuja kwa gari akitoka dukani na mche mzima, umefungwa ndani ya gazeti. Yeye ni mjumbe. Alikula kiapo cha kulinda mali ya umma na anaamini kiapo hicho. Akae kimya kwa sababu gani?

Kisha ongeza kiungo kimoja kinachowafunga wote: Bi Zuhura alimnyima yule binti kwa sababu ni binti wa mjumbe. Aliogopa kwamba akimuuzia, taarifa itafika. Hofu ya kushtakiwa ndiyo iliyoleta kitendo kilichosababisha ashtakiwe. Msuko wa namna hii una thamani kubwa kuliko kurasa kumi za mhusika kujiuliza maswali usiku, kwa sababu kila mtu ametenda kwa akili na kwa sababu inayoeleweka, na matokeo yake ni mabaya kwa wote.

Ushahidi uwe na makali pande zote mbili

Riwaya ya upelelezi ina chombo ambacho aina nyingine za riwaya hazina, nacho ni ushahidi. Katika riwaya ya kawaida ya aina hii, ushahidi humtia mtu hatiani au humwokoa. Ukitaka utata, tafuta ushahidi unaofanya yote mawili.

Chini ya kitanda cha chumba kile Salehe anakuta maboksi sita ya sabuni, magunia mawili ya sukari na daftari. Nusu ya kurasa za daftari ina majina ya majirani waliouziwa kwa bei halali ya serikali, tena kwa mkopo, wengine wakidaiwa tangu mwezi wa Ramadhani. Nusu nyingine ina majina ya wenye nafasi waliouziwa kwa bei maradufu. Bi Zuhura alikuwa akichukua kwa hawa ili aweze kuwapa wale. Lakini pia alikuwa akibakiza, na daftari linaonyesha alibakiza kiasi gani. Ukurasa wa mwisho una jina la meneja wa ghala la umma aliyemtolea bidhaa hizo kwa mlango wa nyuma.

Salehe afanye nini na daftari hili? Akilipeleka zima, litamsaidia Bi Zuhura, kwani litaonyesha kwamba hakuwa mlanguzi tu, lakini kila jirani aliyenunua atahojiwa. Akilificha, majirani watasalimika, na mjane atasimama mbele ya baraza kama mtu aliyerundika sabuni kwa faida yake peke yake. Akichana baadhi ya kurasa, ameharibu kielelezo, naye ni askari. Ukiwa na kitu cha namna hii mkononi, usikiache kionekane mara moja na kutoweka. Kirudishe katika sura tatu au nne, kila mara akikishika mtu mwingine mwenye haja tofauti, na msomaji atazidi kuuona ugumu wake bila kuelezwa.

Hapa sina budi kutoa onyo kuhusu yule meneja. Kishawishi ni kikubwa cha kumpanua: kumfanya fisadi mkuu, kumpa mtandao, kumwingiza na mkuu wa Salehe, kisha kumaliza riwaya kwa kumkamata. Wasomaji watapiga makofi, na utata wote utakuwa umekwisha, kwa sababu uovu mkubwa husafisha uovu mdogo. Bi Zuhura atakuwa mhanga, Salehe atakuwa shujaa, Mzee Chande atakuwa amekosea kwa nia njema. Meneja awepo, na akamatwe ikiwa msuko unadai, lakini kukamatwa kwake kusimwondolee mtu mwingine yeyote hesabu yake. Binti wa Mzee Chande bado alinyimwa sabuni, na aliyemnyima hakuwa meneja.

Maneno ya msimulizi na maneno ya wahusika

Kiswahili kina maneno mengi yanayobeba hukumu ndani yake: mlanguzi, mhujumu, msaliti, kibaraka. Yana nafasi yake katika vinywa vya wahusika, na katika kisa chetu ni lazima yasikike redioni, mkutanoni na barabarani, kwa maana ndivyo watu walivyosema. Msimulizi asiyatumie. Akishaandika «mlanguzi yule aliinuka», amefunga kesi. Hali ni hiyohiyo kwa umbo la ukubwa na la udogo: ukimwita mtu jizee au kijitu katika sauti ya msimulizi, msomaji atamdharau kabla hajatenda lolote. Pitia rasimu nzima ukitafuta maneno ya aina hii, na kila unapolikuta moja jiulize ni nani anayelisema.

Kuhusu nafsi, chaguo langu kwa visa hivi ni nafsi ya tatu inayomfuata mtu mmoja kwa karibu, ikibadilika sura kwa sura. Nafsi ya kwanza inafaa pia, hasa msimulizi akiwa msaidizi anayempenda mpelelezi, mtu wa aina ya Najum, rafiki na msaidizi wa Bwana Msa, kwa sababu mapenzi hayo humfanya aone baadhi ya mambo na apitiwe na mengine. Katika kisa chetu, koplo angefaa sana.

Wanaoandika kwa vipande, iwe gazetini au katika makundi ya WhatsApp ambako msomaji hulipia sehemu inayofuata, wana ugumu wa ziada. Kila kipande kinatakiwa kuishia kwenye taharuki, na taharuki iliyo rahisi ni ya hatari: bastola, mlango unaogongwa, simu isiyo na jina. Jaribu kuishia pale ambapo msomaji amepata habari inayomlazimisha kubadili upande. Kipande kinachoishia kwa yule binti kufua nepi kwa majani ya mpapai, baada ya vipande vitatu vya kumwonea huruma Bi Zuhura, kitazua ubishi wa siku nzima.

Mahali ambapo utata haufai

Si kila uovu una upande wa pili, na mwandishi anayeutafuta kwa nguvu anaweza kufanya jambo la aibu. Mauaji ya watu wenye ualbino kwa ajili ya viungo vyao, ambayo yaliitikisa Tanzania hasa kuanzia miaka ya 2006 hadi 2008, hayana hoja ya kuwekwa katika mizani. Ukimpa muuaji wa namna hiyo utoto wa dhiki na ukurasa mzuri wa majuto, umemwomba msomaji ampime binadamu aliyekatwa kiungo dhidi ya umaskini wa aliyemkata. Vivyo hivyo kwa kubaka na kwa kutesa watoto. Ukitaka kuandika juu ya mambo haya na bado uwe na kisa kigumu, utata uhamishe kwa watu waliozunguka tukio: jirani aliyesikia mlango ukivunjwa akazima taa kwa sababu na yeye ana watoto ndani, mganga aliyekataa kazi hiyo lakini hakumtaja mteja aliyeileta, mama anayejua mwanawe alirudi saa ngapi usiku ule. Hao wana madai mawili ya kweli yanayowavuta. Muuaji hana.

Kanuni hiyo inamhusu mpelelezi pia. Kumpiga mtuhumiwa hadi aseme kumekuwa jambo la kawaida katika riwaya zetu, na mara nyingi huandikwa kama ishara ya ushujaa. Ukiona ni lazima kipigo kiwepo, basi aliyepigwa awe na jina na nyumba, na aonekane tena sura mbili baadaye, akitembea jinsi anavyotembea mtu aliyepigwa nyayo. Na habari aliyoitoa iwe ya kweli nusu na ya uongo nusu, maana anayeteswa husema chochote kitakachokomesha maumivu.

Kuijaribu rasimu

Ukimaliza rasimu ya kwanza, andika nje ya kitabu nusu ukurasa kwa sauti ya kila mhusika mkuu, akijitetea mbele ya mtu anayemheshimu. Salehe ajitetee kwa mkuu wake, Bi Zuhura kwa imamu wa mtaa, Mzee Chande kwa binti yake. Utetezi mmoja ukitoka dhaifu kuliko mingine, hapo ndipo kitabu kilipo na ufa, na mara nyingi utaona kwamba mhusika huyo hajapewa hata tukio moja ambamo tunamwona akitenda peke yake, bila kuangaliwa na mhusika unayempenda wewe.

Kisha wape rasimu wasomaji wawili wasiofanana, kwa mfano mtu mzima anayeikumbuka miaka ile na kijana aliyezaliwa baada ya maduka kujaa. Usiwaulize kama kitabu ni kizuri. Waulize Salehe alitakiwa afanye nini na daftari. Wakitoa jibu moja bila kusita, rudi kwa Mzee Chande umwongezee nguvu, au rudi kwenye daftari uongeze jina ambalo kulitoa kutauma zaidi. Wakibishana kila mmoja akitaja kurasa, acha kisa kilivyo, uhamie sura ya mwisho.

Sura hiyo ni fupi kuliko unavyodhani. Hakikisha maswali yote ya jinai yamejibiwa kabla haijaanza: bidhaa zilitoka wapi, zilipita kwa nani, nani alijua. Ndani yake Salehe atende jambo moja lisilorudika kuhusu daftari, na matokeo yake yampate mtu tunayemjua kwa jina. Halafu tafuta aya ambayo karibu kila rasimu huwa nayo, ile ambamo mzee mwenye busara, au mpelelezi mwenyewe akiwa peke yake, anaeleza maana ya yaliyotokea, na uifute yote hata kama ndiyo uliyoiandika kwa ufasaha kuliko zote.